Picha Moja, Tiketi Mia: Bahati Nasibu kwa Ajili ya Waokoaji wa Milimani

SWALI: Shikamoo, Mshauri. Mimi ni mchoraji, mzaliwa wa Tanga, na ninaishi karibu na Keswick, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mahali ambapo kila dirisha linatazama mlima. Msimu wa baridi uliopita jirani yangu aliteleza huko Blencathra akavunjika mguu, akateremshwa usiku kwa machela na watu wa kikosi cha uokoaji milimani ambao kesho yake niliwatambua: mmoja ni fundi bomba wetu, mwingine ni mwalimu wa mwanangu. Hawakumdai hata senti moja. Nimechora picha kubwa ya mlima ule, nami nataka kuichezesha bahati nasibu, tiketi moja pauni 5 na tano kwa pauni 20, fedha zote ziende kwa kikosi hicho. Mume wangu anahofia sheria. Dada yangu aliyeko Tanga anasema hiyo ni kamari iliyovishwa kanzu. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wasikilize wote wawili, lakini uanze na mume wako, kwa kuwa hofu yake ina jibu lililoandikwa.

Ni kweli kwamba vikosi vya uokoaji milimani nchini humo ni vya watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara, ambao huitwa kupitia polisi mtu anapopiga namba 999, na ambao gari, kamba, redio na machela zao hutokana kwa sehemu kubwa na michango ya wananchi. Kikosi cha Keswick chenyewe kilianzishwa mwaka 1947, kufuatia ajali iliyotokea mwaka uliotangulia kwenye mlima Great Gable. Shukrani yako, basi, ina mahali pa kwenda. Lakini Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2005 haimruhusu mtu binafsi kuuzia umma tiketi kwa jina lake mwenyewe, hata kama nia yake ni njema kiasi gani. Mwenye bahati nasibu ya hisani huwa ni chama kisicho cha biashara, na hapa ndipo wasanii wengi hukosea, kwa sababu hudhani kwamba aliyeichora picha ndiye mwenye mchezo.

Nenda kwa viongozi wa kikosi kabla hujachapisha chochote. Wakikubali, na wakiwa wamesajiliwa katika halmashauri ya eneo lao kwa bahati nasibu ndogo za vyama, wao ndio watakaochezesha na wewe utakuwa mtoaji wa zawadi. Kwa usajili wa namna hiyo mauzo ya droo moja hayapaswi kuzidi pauni 20,000, na angalau asilimia 20 ya makusanyo lazima iende kwenye lengo lililotangazwa. Kiwango hicho ni cha chini mno kwa maoni yangu, na kwa kuwa umesema fedha zote, jitahidi gharama za fremu na uchapishaji zitoke mfukoni mwako, au uziseme waziwazi tangu mwanzo. Tiketi iandikwe jina la chama, bei, jina na anwani ya mhusika wa kuchezesha, na tarehe ya droo, wala isiuzwe kwa mtoto aliye chini ya miaka 16.

Hiyo bei yako ya tano kwa pauni 20 iache kabisa. Katika bahati nasibu ya aina hii kila tiketi lazima iwe na bei ileile, kwa hiyo punguzo la jumla, ambalo sokoni ni ungwana, hapa ni kosa.

Kama unapanga maonyesho ya picha zako, ipo njia nyepesi zaidi isiyohitaji usajili: tiketi ziuzwe palepale ukumbini wakati maonyesho yakiendelea, na faida yote iende kwa kikosi. Katika makusanyo hayo mtaruhusiwa kukata si zaidi ya pauni 100 za maandalizi na pauni 500 za zawadi, nawe zawadi unayo tayari.

Sasa dada yako. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huihesabu tiketi inayolipiwa kwa tamaa ya kushinda kuwa ni katika maisiri, yaani kamari, iliyokatazwa kwenye aya ya 90 ya Suratul Maida, na hawaoni kwamba wema wa lengo unabadilisha hukumu hiyo. Mimi si sheikh, na jambo hilo utalimaliza na sheikh wako. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mnada hauna utata huo, kwani anayetaja bei anajua anachonunua, na sheria ya bahati nasibu haiugusi. Picha moja kubwa, kusema kweli, naiona inafaa zaidi mnadani: watu wawili walioupenda mlima mmoja wanaweza kupandishiana bei hadi ukashangaa.

Na wale ambao hawataki picha bali wanataka kutoa tu, waelekeze wachange moja kwa moja. Mlipakodi wa Uingereza akijaza fomu ya Gift Aid, kikosi kilichosajiliwa kama shirika la hisani hurudishiwa na serikali peni 25 kwa kila pauni aliyotoa, jambo ambalo tiketi ya bahati nasibu haiwezi kulipata.