Komedi ni sikio kwanza, kamera baadaye

Kila nikipita pale Mkunguni, uwanjani Lamu, hakosi kijana wa kunisimamisha, "kaka, ninunue kamera gani nianze komedi?" na mie siku zote namjibu kamera achana nayo, hela kama ipo nunua maiki. Manake mtu asiposikia lile neno la mwisho hacheki, ndo basi tena. Filamu yangu ya kwanza niliishutia forodhani msimu wa kusi, mashua zile nyuma, picha kali, nikajiona nimefika. Kurudi nyumbani kuvaa hedifoni, upepo tu vuuu! Ikabidi waigizaji warudi watie sauti upya chumbani, madirisha tumeziba kwa magodoro, na bado midomo inaenda huku sauti kule, kichekesho kinafika mtu keshafunga mdomo.

Halafu jipime barazani. Filamu ya pili nilikuwa na sini ya mtu kuanguka na punda, siku nzima tunashuti hiyo tu, punda kagoma na mwenyewe anadai hela ya siku vilevile (haki yake). Kabla sijaitoa nikawaonesha wazee wa mtaani kwetu. Jamaa akaanguka weee, kimya, mzee mmoja anaagiza kahawa. Lakini pale mama mkwe anapochungulia dirishani, hasemi kitu, anatazama tu, baraza zima likalipuka! Nikarudi kuediti, kuanguka nikakata nusu, uso wa mama nikauacha sekunde mbili zaidi. Si ujanja wangu huo, Harold Lloyd, mchekeshaji wa filamu kule Marekani, miaka ya 1920 alikuwa anawaonesha watu filamu kabla haijatoka, pasipochekwa anakata au anashuti upya.

Shida ni kwamba huku kwetu dairekta, anayeongoza waigizaji, ndo huyohuyo prodyuza, mwenye kushika hela na mipango. Dairekta anataka sini irudiwe mara ya kumi, prodyuza anahesabu sahani za pilau. Mie nimejifunza kuwatenganisha: kabla ya kushuti nakuwa prodyuza mkali, leseni ya KFCB (bodi ya filamu ya Kenya) mapema, wenye nyumba na wazee wa mtaa nawaendea mwenyewe situmi mtu, na ratiba naipanga kwa adhana, ukianza sini ndefu saa tisa alasiri itakukuta katikati na nusu ya watu wako wameshaenda msikitini. Tukishaanza kushuti, hesabu nasahau.

Na karatasi jamani! Kuna kampuni ilichukua klipu zangu za mwanzo, nikakubali kwa mdomo tu kisa tumekunywa chai pamoja, mpaka leo zinachezwa na mie sijaona senti. Charlie Chaplin na wenzake watatu walianzisha kampuni ya United Artists mwaka 1919 ili kazi zao wazisambaze wenyewe, sisi tunazigawa kwa kikombe cha chai.

Yule mzee wa kahawa bado ndo namuonesha wa kwanza. Akicheka naiachia, akiagiza kahawa narudi kukata.