Muulize Fundi Saa: Nani aliivaa saa hii?

SWALI: Shikamoo fundi. Baba amenikabidhi saa ya mkononi ya Longines iliyoachwa na marehemu babu. Mgongoni imechorwa herufi tatu na mwaka 1957. Baba anasema babu alizawadiwa alipopandishwa cheo. Shangazi anashikilia kwamba aliinunua kwa rafiki yake. Nataka niandike historia yake kabla sijampa binti yangu. Nianzie wapi? Na je, niing'arishe kwanza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiing'arishe, nakuomba. Kila king'arisho hulamba chuma kidogo, na mchoro mwembamba kama huo hufutika upesi. Upige picha leo, taa ukiiweka ubavuni ili mikwaruzo itoe kivuli.

Halafu keti na baba, na siku nyingine na shangazi, kila mmoja peke yake. Andika maneno yao jinsi walivyoyatamka, weka tarehe, kisha uliza jambo ambalo familia nyingi husahau kuuliza: uliona mwenyewe, au uliambiwa? Na nani? Usijaribu kuwapatanisha. Nimeona daftari nyingi za familia ambamo hadithi tamu imebaki na nyingine imetupwa, na mjukuu hana tena pa kuanzia.

Sasa zitazame zile herufi. Ni za jina la babu? Kama si zake, maneno ya shangazi yanapata nguvu, maana huenda ni za mwenye saa wa kwanza. Kama ni zake, bado zawadi haijathibitika, kwa sababu mtu anaweza kuchorewa jina kwenye saa aliyojinunulia. Na huo 1957 uuandike kuwa ni mwaka uliochorwa mgongoni, si mwaka saa ilipotengenezwa.

Mwaka wa kutengenezwa utafute ndani. Mpe fundi afungue kifuniko, apige picha namba iliyo kwenye mashine, na asipanguse upande wa ndani wa kifuniko. Sisi mafundi wa zamani tulizoea kukwaruza humo kwa sindano tarehe ya matengenezo na herufi zetu, mara nyingine na namba ya kazi. Ni vidogo, vinataka lenzi, lakini ndivyo vinavyoonyesha saa ilikuwa ikihudumiwa lini. Longines wametunza madaftari ya kiwanda tangu karne ya 19. Waandikie, watumie namba na picha. Wakiipata, watakueleza ilitoka lini na ilipelekwa kwa wakala gani.

Hapo wengi hukosea: kiwanda hakimjui babu yako. Hata Patek Philippe, kiwanda kingine cha saa cha Uswisi, katika hati yao, hutaja tarehe ya kutengenezwa na ya kuuzwa lakini si jina la mnunuzi. Ukiambiwa saa ilitoka 1948, una miaka tisa mpaka 1957. Iache wazi kwenye daftari, uandike "haijulikani". Kisha pekua picha za zamani, utafute mkono wa babu wenye saa, ulinganishe uso, mishale na umbo la kasha. Picha yenye tarehe nyuma yake naithamini kuliko cheti.

SWALI: Nauziwa saa ya mfukoni ya fedha. Muuzaji ana barua ya familia inayosema ilikuwa ya afisa wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Barua inatosha?

JIBU: Haitoshi, hasa kama haitaji namba ya saa, kwani inaweza kufuatana na saa yoyote. Fungua kasha. Kama fedha ilipigwa mhuri Uingereza, utakuta herufi inayosimama badala ya mwaka wa kupigwa mhuri. Ikionyesha 1923, hadithi ya vitani imeishia hapo. Hata wakubwa hudanganyika: saa ya Omega Speedmaster iliyonadiwa Geneva mwaka 2021 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi ilinunuliwa na Omega wenyewe kwa ajili ya makumbusho yao, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba ilikuwa imeungwa kwa vipande vya saa mbalimbali. Mwombe muuzaji jina la afisa na uhusiano wake na aliyeandika barua. Asipokuwa navyo, lipa bei ya saa ya fedha, usimlipie afisa.