Muulize Shangazi: Jina lako liko wapi?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa Makorora, Tanga, nina miaka 22. Leo ni siku ya 11 tangu nifike Leipzig, Ujerumani, kusomea uuguzi. Chumba ninacho, joto lipo, chakula najipikia. Kinachoniua ni ukimya. Nikipita njiani nawasalimu watu, wananitazama kama nimewaomba pesa. Juzi niliambiwa nifike shuleni "halb acht". Nikaingia saa 2 na nusu asubuhi, kumbe wenzangu wameanza somo saa nzima iliyopita. Mama hunipigia kila akimaliza kuswali alfajiri, na jirani ameshanigongea ukuta. Benki nao wanasema kadi yangu wameituma, mimi sijaiona. Nimekosea wapi? Nataka kurudi.
Mgeni wa Leipzig

Marahaba, mwanangu. Tuanze na kadi, kulia utalia baadaye.

Shuka chini ukatazame kisanduku cha barua. Jina lako lipo? Naona kama lipo la aliyehama kabla yako. Sisi Tanga barua zetu huja Posta, kwenye S.L.P. ya shule au ya ofisini kwa baba mdogo, na anayekutafuta nyumbani huuliza dukani, akaelekezwa: pita kwa fundi baiskeli, mlango wa tatu. Kule mpeleka barua haulizi mtu. Anasoma majina, na asipoliona lako, barua inarudi ilikotoka.

Hili lilinipata mwenyewe. Januari 1994 nilimfuata mume wangu Kiel, kaskazini kabisa, alikokuwa akisoma. Mlangoni palikuwa na jina moja tu, la babu yake, kwa kuwa ndilo lililokaa mwisho kwenye pasi na wenyeji wakalifanya la ukoo. Mimi natumia la baba yangu na la babu yangu, kama wanawake wengi wa kwetu; kuolewa hakukunibadilishia baba. Mama akaniandikia kutoka Barabara ya 12, Ngamiani, kurasa nne. Barua ikafika Kiel, ikakosa mwenyewe, ikarudi Tanga. Mama akakabidhiwa barua yake mwenyewe mwezi Machi, ina mhuri wa maneno asiyoyajua, akaanza kulia pale pale Posta. Kwake, barua ikirudi ni kwamba mwenye kuandikiwa hayupo duniani.

Habari ziliponifikia nilikata kipande cha boksi, nikaandika jina langu kwa wino mzito, nikakibandika kwa selotepu chini ya la mume wangu. Jioni hodi. Jirani wa ghorofa ya juu, bibi wa makamo ambaye kwa miezi miwili hatukuwa tumesemezana. Kaja kunieleza kwamba kibao changu kimekaa upande. Nilikasirika, sikufichi. Lakini alikuja na rula, tukakinyoosha pamoja, na kuanzia siku hiyo akawa ananiita kwa jina.

Basi bandika lako leo, kwenye kisanduku na kwenye kengele, kama lilivyo kwenye pasi, jina la mwisho lisikosekane. Kisha waambie benki watume tena. Na kuna jambo linalobana zaidi: umejiandikisha makazi? Wenyewe wanaita Anmeldung, na sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Wewe umebakiwa na siku tatu. Mdai mwenye nyumba karatasi yake ya kuthibitisha kwamba unakaa hapo, chukua na pasi, nenda ofisi ya mji. Ukiambiwa nafasi zimejaa, chukua miadi ya karibu inayopatikana na uhifadhi uthibitisho wake. Namba yako ya mlipakodi nayo itakuja kwa barua, kwenye kisanduku hicho hicho, kwa hiyo unaona kwa nini nimeanzia huko.

Sasa ukimya. Unawasalimu mahali pasipo pake. Barabarani Mjerumani hamsalimu asiyemjua, na ukimsalimu hudhani una shida. Lakini kutana naye kwenye ngazi za jengo lenu, utaona. Ingia chumba cha kusubiria daktari: kila anayeingia huwasalimu waliokaa, nao huitika, kisha kimya. Ni hodi yao ile, ila wao huipiga wakiwa wameshaingia. Huko kwako sema Guten Tag na Hallo. Kiel, na hata Eckernförde, ule mji ndugu wa Tanga ambao wengi wetu tunaujua kama jina la shule tu, salamu ni Moin kutwa kucha. Nilipenda sana, maana haikunilazimu kufikiri ni asubuhi au jioni wakati nje giza tupu saa 10 alasiri.

"Halb acht" imewaumbua wengi. Acht ni nane yao, yaani saa 2 yetu. Sisi nusu tunaipachika kwenye saa iliyopita, wao wanaihesabu kuelekea saa inayokuja. Kwa hiyo ni saa 1 na nusu. Mwalimu mwambie hivyo hivyo, atacheka. Hili neno shule lenyewe tulilipata kwao, na hela pia, lakini saa tulikataa kuiga.

Mama. Akipiga saa 11 na nusu alfajiri ya Tanga, kwako ni saa 10 na nusu usiku, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba hii wanarudisha saa nyuma, itakuwa saa 9 na nusu. Majengo mengi kule hutaka utulivu kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na wewe najua unaongea kwa spika. Mwombe mama apige baada ya isha. Jirani mpelekee hata chapati mbili.

Jumapili maduka hufungwa, nunua Jumamosi. Chupa za plastiki na makopo usitupe, nyingi zina senti 25 za amana, unazirudisha dukani. Kuhusu kurudi sikujibu leo. Umekuwa ukiamshwa usiku wa manane siku 11 mfululizo. Niandikie kadi ikifika.

Shangazi, kijana wangu yuko Paris, na mwenzake anaondoka wiki ijayo. Nimpe sambusa za nyama, samli na maembe?
Mama wa Pongwe

Vyote vitatu vitaishia kwa watu wa forodha, dada yangu. Nyama na vitu vya maziwa haviingii Umoja wa Ulaya kwenye mzigo wa abiria, na embe linataka cheti cha afya ya mimea. Matunda yasiyodaiwa cheti ni matano: nazi, ndizi, nanasi, tende na doriani. Samaki wanaruhusu mpaka kilo 20, kwa hiyo mfungie nguru mkavu. Muhogo atapata mwenyewe kwenye maduka ya Kiafrika ya Château Rouge. Nazi zifue kabisa, makumbi ni uzito wa bure. Na mbuzi ya kukunia iwekwe kwenye begi kubwa, isiwe ya mkononi, ina meno ya chuma. Akiulizwa forodhani amebeba nini, huyo mwenzake aseme kikunio. Asitamke mbuzi.