Jibu: Mwanangu kashuka darasa la tatu, ni uvivu?

Dada, umeuliza kama mtoto aliyekuwa wa tano darasa la pili, akashuka hadi wa thelathini la tatu, ni mvivu. Hapana, na tafadhali usimchape. Nafundisha la tatu shule ya serikali hapa Tanzania, na hali hii naiona kila mwaka.

La kwanza na la pili mkazo ulikuwa KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. La tatu masomo yanaongezeka, na sasa anasoma ili aelewe. Juzi mtoto mmoja alisoma bila kukwama: "Mto ulifurika, Juma akalala kwa shangazi." Nikamuuliza, kwa nini Juma hakurudi kwao? Kimya. Sababu haikuandikwa, alitakiwa aiunganishe mwenyewe. Huo ndio ujuzi wanaoujenga mwaka huu. Jioni akisoma, mwulize "kwa nini", kisha subiri. Subiri kweli, usimjibie.

Kuzidisha, msianze na kukariri. Mpe maharage apange mafungu manne ya sita sita, ahesabu, ndipo jedwali liingie kichwani.

Halafu ana miaka minane, tisa hivi. Ameshaanza kujilinganisha na wenzake, na aibu anaijua. Kumsema mbele ya wageni kunamuumiza kuliko unavyodhani.

Mwone mwalimu wake mapema, maana mwakani kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Na macho yake yapimwe. Kuna mtoto nilimsogeza dawati la mbele tu, daftari lake likabadilika.