Swichi moja, /26, na pingi isiyojibu

Umeweka kompyuta mbili kwenye swichi moja, 192.168.10.70/26 na 192.168.10.130/26, zikagoma kuwasiliana: ukituma pingi (ujumbe wa kupima kama kompyuta nyingine inafikika) hupati jibu. Kebo usiiguse, tatizo ni hesabu.

/26 ni maski 255.255.255.192, yaani namba inayoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao. Toa 192 kwenye 256, unabaki na 64, ndio ukubwa wa kila kipande cha anwani (subnet). Vipande vinaanzia 0, 64, 128 na 192. Kwa hiyo .70 iko kwenye kipande cha 64 hadi 127, na .130 iko cha 128 hadi 191. Namba ya kwanza ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya matangazo (broadcast, ujumbe kwa wote kwenye kipande). Zinabaki 62 za kugawa. (Kwenye mtihani wengi huandika 64 na kupoteza alama kizembe.)

Kompyuta ikiona anwani ya nje ya kipande chake, haimtafuti mwenzake kwenye swichi, inapeleka pakiti (kifurushi cha data) kwa ruta, kifaa kinachounganisha mitandao tofauti. Hujaweka ruta, basi inaishia hapo. Ama uhamishe ya pili iwe .80, ama uweke ruta yenye .65 upande mmoja na .129 upande wa pili, kisha kila kompyuta ipewe geti lake, yaani anwani ya ruta iliyo upande wake.

Usijaribu kubadilisha maski upande mmoja tu: ombi litafika, jibu litakosa njia. Pingi ikigoma hata baada ya kuhamisha anwani au kuweka ruta, angalia ukuta wa moto (firewall) wa kompyuta, huenda unazuia pingi.

Mazoezi haya fanyia Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao. Kwenye mtandao halisi wa chuo anwani zinaweza kugongana, muone fundi wa mtandao kwanza.