Chasisi ya bagi iliyojengwa nusu: ikiwa na rangi mpya, iogope

Kijana mmoja wa Bagamoyo ameniandikia wiki hii. Ameona chasisi ya bagi, lile gari dogo la wazi la kutembelea ufukweni, iliyofikia nusu, mwenyewe anahama na anataka pesa haraka. Picha alizonitumia zinavutia kweli: rangi nyeusi inang'aa, usukani umeshafungwa, matairi mapana. Anauliza, "Kaka, niichukue?" Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja nikashindwa, maana jambo hili nimelilipia kwa jasho, na najua wengi mnaonisoma mna hamu ileile ya kushika barabara ya Pangani kwenye gari lisilo na paa, mlilolijenga kwa mikono yenu.

Mdogo wangu, rangi hiyo ndiyo inayonitia shaka.

Bagi nyingi zimekaa juu ya sakafu, yaani chasisi, ya Volkswagen Beetle. Mtindo huu ulianza California mwaka 1964 kwa Bruce Meyers, mtu aliyekuwa akiunda boti za faiba, na bodi zake zilizofuata zikakalishwa juu ya sakafu ya Beetle iliyofupishwa kwa sentimita 36 hivi. Beetle ina sentimita 240 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukishakata zinabaki kama 204. Gari la aina hiyo ndilo lililoshinda mbio za kwanza za jangwa la Baja kule Meksiko mwaka 1967, kwa hiyo mtindo wenyewe hauna ubishi. Ubishi uko pale palipokatwa pakaungwa. Anayekuuzia chasisi ya nusu anakuuzia kazi ya mkono wa fundi ambaye pengine hutamjua kamwe, na ukishapanda juu yake na watoto wako, umeweka roho zenu kwenye ule mstari wa weldingi.

Mimi nilipotafuta yangu hapa Tanga niliziona mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye uwanja wa nyumba moja karibu na bahari, imepigwa rangi hadi inaakisi uso, viti vimeshafungiwa vyuma vyake. Nikatoa sumaku mfukoni nikaipitisha juu ya maungio. Sehemu nyingine ilishika, sehemu nyingine ikateleza kama juu ya ubao: chini ya rangi mlikuwa na puti, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bati. Nikaomba nigonge kwa bisibisi karibu na kona ya nyuma upande wa kulia, kwa sababu betri ya Beetle hukaa hapo, chini ya kiti cha nyuma, na tindikali yake hula bati kimyakimya. Muuzaji akanipandishia sauti mbele ya watu: "Unanitobolea gari yangu!" Maneno yale bado nayasikia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ya pili ilikuwa bandani Pongwe, imefunikwa magunia ya katani, kutu nyekundu kila mahali. Mwenyewe alikuwa ameikata na kuishikiza tu kwa vituo vichache vya weldingi, akaishiwa pesa. Hiyo ndiyo niliyoinunua. Shemeji yangu alinicheka hadi msikitini, eti nimenunua chuma chakavu. Sikumjibu. Nilijua kilichoshikizwa kinaachia kwa grenda, unakipima upya, unakinyoosha, ndipo unachomelea moja kwa moja. Kilichokwisha kuchomelewa vibaya na kufichwa kwa puti utakivunja chote, na bei ya kazi hiyo mbovu umeshailipa ndani ya bei ya gari.

Ile nyeusi ilinunuliwa na rafiki yangu, baada ya mimi kumsihi asiiguse. Ilipoingia barabarani ilivuta upande mmoja muda wote. Tulipoipima, gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa mbele kuliko la kulia. Mpaka leo anaiepuka mada hii tukikaa kahawani, na mimi bado naumia kwamba alimwamini muuzaji kuliko mimi.

Kwa hiyo nenda na sumaku, bisibisi, futikamba na timazi. Weka chasisi juu ya mawe, sawasawa, dondosha timazi kutoka pembe nne, weka alama chini, pima mshazari wa kwanza na wa pili, kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Vikitofautiana, usinunue. Pima kati ya magurudumu kushoto, pima kulia. Kisha lala chini utazame maungio kwa ndani, maana juu kila mtu husafisha. Weldingi ya fimbo ya umeme mikononi mwa fundi mwenye haraka hutoboa bati jembamba la sakafu, naye huziba kwa bati lingine juu yake, na chumvi ya bahari yetu inakaa katikati ya mabati hayo mawili.

Angalia pia ndani ya mhimili wa kati, ule mfereji wa bati ulioinuka katikati ya sakafu. Humo mnapita ufito wa gea, waya za klachi, akseleta na hendibreki, pamoja na bomba la petroli. Chasisi ikifupishwa, vyote hivyo lazima vifupishwe kwa kipimo kilekile. Ukiambiwa "hizo utamalizia mwenyewe," jua kazi ngumu haijaanza.

Na bodi? Kama faiba ilitengenezwa kwa sakafu fupi, haikai juu ya ndefu. Iweke juu kabla hujatoa hata shilingi.

Vijana tunapenda kitu kilichokaribia kwisha. Tunaona usukani, tunajiona tayari tuko ufukweni Raskazone jioni watu wanatutazama. Acheni haraka hiyo! Gari linaloonyesha kutu yake linakwambia ukweli, na ukweli ndio unaostahili pesa yako. Yangu leo inatembea, inashika breki sawa pande zote, na wiki iliyopita imenifikisha Pangani na kunirudisha na familia yangu ndani.

Limebaki la karatasi. Namba ya chasisi ya Beetle imegongwa juu ya mhimili wa kati, chini ya kiti cha nyuma, jirani na sehemu ambayo mafundi hukata. Isafishe kwa kitambaa na mafuta ya taa, isome wewe mwenyewe, ilinganishe na kadi ya gari. Ikiwa imekwanguliwa, imefunikwa na bati au haifanani na kadi, ondoka hata ukipunguziwa nusu ya bei. Ikifanana, andikishianeni mkataba mbele ya mwenyekiti wa mtaa, namba hiyo iwemo ndani ya mkataba, na kadi uondoke nayo siku hiyohiyo.