Fundi Baiskeli Anajibu: Shokapu ya mbele kwa hela ndogo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina baiskeli ya milimani ya siku nyingi, ringi 26, fremu alumini, breki zile za mpira zinazobana rimu. Foki yake ya shokapu imekufa, ukiibonyeza inazama taratibu kama imechoka, ukiachia inaruka juu inagonga tap! Wikiendi napita njia za mawe na mizizi, katikati ya wiki naendea kazini. Nina kilo 78. Kuna jamaa ananiuzia foki ya ringi 29 yenye mwendo (kiasi inachoweza kuzama) wa milimita 140, anasema inaingia tu na mashimo nitakua siyasikii. Bei yake nzuri kweli. Nichukue? Sina hela ya kununua mara mbili.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usichukue, hata akikupunguzia tena.

Foki yako ya sasa kama ni ya mwendo wa milimita 100, kutoka kwenye ekseli mpaka pale inapokutana na fremu ni kama milimita 470 hivi. Hiyo ya jamaa inakaribia 540. Sasa kila ukiongeza kama milimita 20 hapo mbele, pembe ya stelingi inalala karibu digrii moja, kwahiyo wewe utalaza digrii tatu na zaidi, utakua unapanda mlima tairi la mbele linaelea tu na kona za taratibu baiskeli inapepesuka, na juu ya hayo yote unaipa fremu nguvu ambayo haikutengenezewa, pale kwenye maungio ya shingo ndio panapopasukaga. Halafu breki zako utazifunga wapi? Hiyo foki ni ya breki za diski, haina vile vijiti vya kushikia breki za rimu, na hata ingekua navyo vingekaa usawa wa rimu ya 29.

Kabla ya kuuliza bei ya foki yoyote, chukua rula. Bomba la foki linalopita kwenye shingo ya fremu lipo la aina mbili kubwa, lililonyooka la inchi moja na moja ya nane (milimita 28.6) na lile linalonenepa kwenda chini mpaka inchi moja na nusu. Baiskeli ya umri wa yako karibu zote ni lililonyooka. Toa foki, pima upana wa ndani wa shingo ya fremu upande wa chini: ukikuta kama milimita 34 basi ni lililonyooka tu, hamna mjadala, ukikuta 44 una bahati, kikombe cha beringi cha nje kitakuwezesha kufunga hata hili nene. Pima pia urefu wa bomba la foki yako ya zamani, maana foki nyingi za mtumba zimeshakatwa na bomba likiwa fupi hakuna dawa ya maana, usikubali mtu aunge. Ekseli yako bila shaka ni ile nyembamba ya milimita 9 yenye kibano, foki ya ekseli ya 15 itakulazimisha ununue na habu mpya (kitovu cha gurudumu), na ndio hivyo hela inapotelea.

Mwendo baki kwenye 100, ule uliokuja na fremu. Watu wanapenda namba kubwa, mi nakwambia milimita 100 zenye oili ya kuzituliza zinazidi 140 zinazorukaruka. Hiyo tap! uliyoisikia ndo ugonjwa wenyewe, springi inarudi bila kitu cha kuizuia. Foki za chini kabisa, mfano SR Suntour XCT, ni springi ya chuma basi, na uzito karibu kilo mbili na nusu. Dukani ibonyeze kwa nguvu halafu achia ghafla, ikirudi kwa utulivu ina udhibiti ndani, ikikurukia usoni iache hapohapo. Tafuta yenye kitufe cha ribaundi (cha kupunguza kasi ya foki kurudi juu) chini ya mguu, mara nyingi ni chekundu. Kile cha juu kwenye springi watu wanakizungusha wakidhani inakua ngumu, wala, kinaibana tu kidogo kabla hujakaa.

Za upepo, yaani zenye hewa badala ya springi ya chuma, ndio nazipenda kwa bajeti yako, Suntour Raidon au Epixon, RockShox Recon yenye mirija (yale mabomba ya juu yanayozama kwenye miguu) ya milimita 32. Judy nayo sio mbaya ila mirija yake ni 30. Uzuri wa upepo ni kwamba unajaza kulingana na kilo zako, ila uwe na pampu ya shokapu, ya tairi haifai. Funga mpira mdogo kwenye mrija, kaa juu na mzigo wako wote, shuka taratibu uangalie mpira umesukumwa kiasi gani: kwa mwendo wa 100 ukizama kama milimita 20 upo sawa.

Ila za siku hizi nyingi ni za diski na ringi 27.5 au 29, kwahiyo wewe na breki zako za rimu utaangukia kwenye mtumba wa 26, kama RockShox Tora au Reba za zamani. Pitisha kucha kwenye mirija, ikikwama kwenye mkwaruzo pale sili zinapopita, achana nayo. Shika breki ya mbele, sukuma mbele na nyuma, ikicheza katikati ya miguu bushi zimeisha.

Ukikosa kabisa nunua foki ngumu ya chuma isiyo na shokapu, kilo moja na ushee, haina cha kuharibika, ila iwe na urefu unaokaribia ule wa zamani ikiwa imezama kidogo. Weka tairi nene, punguza upepo. Najua utanicheka, mi mwenyewe nimeendesha hivyo miaka na kazini nilikua nafika mapema zaidi.

SWALI: Fundi mambo, nimevalisha mirija ya shokapu vipande vya tyubu kuzuia vumbi na kila wiki napuliza mafuta ya kulegeza kutu. Nipo sawa?

JIBU: Poa, ila hapana kwa yote mawili. Tyubu inatunza mchanga na maji palepale kwenye sili, na hayo mafuta yanasafisha grisi iliyokua inasaidia. Futa kwa kitambaa kila ukirudi, basi, na ufungue miguu ya chini ubadilishe oili, RockShox wanasema kila masaa 50 ya kuendesha. Kama hujawahi kabisa kufungua tangu ununue, anza na hiyo wiki hii, na uweke beseni chini maana itakayotoka itakua nyeusi.